Anakoroma, anasita pumzi, anakohoa alfajiri: sigara inafanya nini usiku na wewe uangalie wapi

Kwanza tuelewane kitu kimoja, mwenye tatizo hili hajijui. Mtu akishalala hasikii mkoromo wake, hajui kama pumzi imekatika, asubuhi atakwambia nimelala fofofo na wewe macho yamekuvimba kwa kumsikiliza yeye. Kwa hivyo haya nawaandikia wanaovuta sigara lakini zaidi nawaandikia wanaolala karibu nao, mke, mama, ndugu mnaogawana chumba, manake nyinyi ndio mashahidi na bila shahidi daktari hana pa kuanzia.

Mume wangu amevuta miaka ishirini na kitu. Kazi yake ni boti, anapeleka wageni Shela na Manda na Matondoni, na sigara ilikuwa pakiti kwa siku, siku za muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, pakiti na nusu. Usiku mmoja wa kaskazi, stima zimepotea, feni imesimama, nyumba kimya, nkasikia mkoromo umekatika. Si kupungua, kukatika kabisa. Kifua kinapanda, tumbo linaingia ndani, lakini puani hakuna kitu, nkamuekea kiganja na sikuhisi hewa. Nkaanza kuhesabu kwa vidole kama mtu anayeleta tasbihi, nkafika ishirini na mbili ndio akashtuka kwa mlio kama mtu aliyetolewa chini ya maji, akageuka ubavu akaendelea kukoroma. Asubuhi akasema ni jinamizi lilimkaba. Mavyaa akasema basi asomewe. Nkasema asomewe, sawa, na hospitali pia twende.

Mi ni mhudumu wa afya ya jamii mtaani kwetu hapa Lamu, naingia nyumba za watu, na tangu usiku ule nauliza kila nyumba yenye mvutaji, analalaje? Majibu yanafanana lakini chanzo hakifanani, na hapo ndipo watu wanapokosea, wanatibu joto, wanatibu uchovu, wanabadilisha godoro, alafu miaka inapita.

KABLA YA YOTE, KUSANYA USHAHIDI

Weka simu karibu na mto urekodi, hasa kuanzia saa nane usiku kwenda alfajiri, manake kwa wengi pumzi huharibika zaidi nusu ya pili ya usiku, ndoto zinapokuwa nyingi na misuli ya koo imelegea kabisa. Alafu chukua karatasi uandike sigara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, amekula saa ngapi, ametafuna muguka au amekunywa kitu, amelala chali au ubavu, pua imeziba au haijaziba. Fanya wiki nzima. Usiku mmoja hausemi kitu, anaweza kuwa na mafua tu au amechoka na safari. Wiki moja itakuonyesha mwendo wa mambo, na hiyo rekodi ukienda nayo kliniki inasaidia kuliko maneno kumi, kwanza inamaliza ule ubishi wa "mimi sikoromi".

ANAKOROMA MFULULIZO LAKINI PUMZI HAIKATIKI

Hii ndiyo ya kawaida. Ukilala misuli ya koo hulegea, njia inakuwa nyembamba, hewa ikipita nyama laini za koo zinatetemeka, huo ndio mkoromo. Sasa moshi wa sigara unawasha ngozi laini ya pua na koo kila siku, inavimba, inatoa kamasi, kwa hivyo njia iliyokuwa nyembamba inazidi kuwa nyembamba. Pua ikiziba anapumua kwa mdomo, ulimi unarudi nyuma, mambo yanazidi. Wavutaji wanakoroma zaidi ya wasiovuta, hili utafiti umelionyesha mara nyingi, na hata asiyevuta anayekaa na moshi wa mwenzake anaingia humo humo.

Angalia pua kwanza. Mwambie azibe tundu moja avute hewa kwa la pili, alafu abadilishe. Ikiwa hewa haipiti vizuri, safisha pua kwa maji ya chumvi, lakini maji yawe yamechemshwa yakapoa, sio ya bomba wala ya kisima. Alafu angalia chumba. Nyumba zetu hizi za mawe kuta ni nene, vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu vilijengwa kwa kipimo cha boriti, na kile chumba cha ndani hakina dirisha la maana, hewa haizunguki. Mtu anavuta akikaa darini, anaingia kulala, mwenye nyumba amefukiza udi, chini ya kitanda inawaka dawa ya mbu ya kuzunguka, huo moshi wote unakaa kwenye neti na mito mpaka asubuhi. Mi sikatazi udi, udi ni wetu, lakini ufukize jioni mapema, milango wazi, moshi utoke harufu ibaki, na mbu mzuie kwa neti.

Kipimo rahisi ni hiki, sigara ya mwisho isogezwe nyuma mpaka masaa manne kabla ya kulala, kwa wiki mbili, na huku unarekodi. Nikotini iliyo mwilini hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hivyo aliyevuta saa tano usiku, saa saba bado ana nusu yake ndani. Mkoromo ukipungua kwa hizo wiki mbili umeshapata jibu. Sisemi kusogeza sigara ni dawa, ni kipimo tu, kama fundi anavyochomoa waya mmoja kuona taa itazima.

Na ubavu, jamani msidharau ubavu. Anayekoroma zaidi akilala chali mfunge asilale chali. Mi nlichukua leso moja kuukuu, nkakunja mpira wa tenisi wa mtoto ndani yake, nkamfunga mgongoni fundo likaja kifuani. Akigeuka chali mpira unamsumbua anarudi ubavu mwenyewe bila kuamka. Siku mbili za mwanzo alilalamika, ya tatu akazoea.

PUMZI INAKATIKA, KIMYA, ALAFU ANASHTUKA

Hapa sasa sio mkoromo tu. Inaitwa apnia ya usingizi, koo linaziba kabisa, kifua kinavuta hewa haingii, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha kidogo tu kiasi cha kufungua koo, alafu analala tena, na asubuhi hakumbuki hata moja. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi inahesabiwa, na zikifika mara 5 kwa saa tayari ni tatizo, kutoka 15 ni la wastani, 30 na zaidi ni kali. Hebu fikiria mtu anayeamshwa mara thelathini kwa saa, usiku mzima, alafu unamlaumu mchana kwamba ni mvivu.

Dalili zake za mchana ni usingizi usio na adabu. Anasinzia barazani katikati ya mazungumzo, anasinzia akingoja wageni kwenye gati, anasahau, anakuwa na hasira za haraka, presha haishuki hata akimeza dawa. Mume wangu alinambia baadaye sana kwamba mara mbili alifumba macho na usukani mkononi, kwenye mkondo wa Manda, na boti ina watu. Nlilia siku hiyo.

Sigara inaingia wapi? Uvimbe ule ule wa koo, na nikotini inayofanya usingizi uwe mwepesi na kukatika katika. Watafiti hawajakubaliana wote kama sigara peke yake inaleta apnia au inaizidisha tu, lakini kule Wisconsin, Marekani, utafiti uliotolewa 1994 uliona wanaovuta wako kwenye hatari kubwa zaidi ya pumzi kuharibika usingizini, wanaovuta sana zaidi yao, na walioacha haikuonekana tena hatari hiyo. Mi kwangu hilo la mwisho ndilo la kushika.

Lakini sio sigara tu, usije ukamtoa sigara ukadhani umemaliza. Chukua tepu ya fundi cherehani umpime shingo, mwanamume akipita sentimita 43 na mwanamke akipita 41 koo lina mzigo wa kubeba. Uzito, taya ndogo, findo zilizovimba, umri, na familia yenye historia hiyo, vyote vinaingia. Pombe pia, mnazi wa usiku unalegeza koo zaidi. Vidonge vya usingizi ndio hatari kubwa, nimeona mtu anapewa vidonge na jirani ili alale vizuri na tatizo lake ni pumzi kukatika, hivyo vinamlegeza koo na vinachelewesha ule mshtuko unaomuokoa. Usimpe. Tafadhali.

Cha kufanya hapa ni hospitali. Kwetu Lamu anza hospitali ya King Fahd au kituo kilicho karibu, Malindi anza hospitali ya Malindi, apimwe presha na sukari, aangaliwe pua na koo, uwaonyeshe rekodi. Kipimo chenyewe cha usingizi, cha kulala na waya na kile kifaa cha kidole cha kupima oksijeni, kinapatikana hospitali kubwa za Nairobi, na ikithibitika kuna mashine inayopuliza hewa kwa barakoa usiku kucha ikizuia koo lisifunge, wanaiita CPAP, daktari Colin Sullivan wa Australia ndiye aliyeitoa 1981. Ni ghali, siwadanganyi, na inataka stima. Lakini kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha sigara na pombe ni vitu unavyoanza leo huku unajipanga kwa hiyo safari.

Na jinamizi? Mtu akiamka anahisi amekabwa, moyo unadunda, jasho, hana hewa, mi simwambii aache kusoma Ayatul Kursiy, mi mwenyewe naisoma. Namuuliza tu, je kabla hajashtuka alikuwa anakoroma alafu akanyamaza? Aliyelala naye ndiye anayejua. Ikiwa jibu ni ndio, twende tukapime.

ANAAMKA SAA NANE USIKU ANATAFUTA SIGARA

Hii wengi wanaitaja kama kukosa usingizi na sio, ni kiu. Nikotini ukivuta inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na ikipungua ubongo unadai. Usiku ndio kipindi kirefu zaidi bila sigara, kwa hivyo mvutaji mzito mwili unamwamsha kudai chake. Anavuta, na ile ni dawa ya kuamsha, moyo unaenda mbio, analala kwa shida, alafu alfajiri inadai tena.

Swali la kumuuliza ni moja, ukiamka asubuhi sigara ya kwanza unawasha baada ya muda gani? Ikiwa ni ndani ya dakika 5, mwili umeshikwa sana na kumwambia "acha tu" ni kumuonea. Huyo anahitaji msaada wa kweli, plasta ya nikotini ya kubandika ngozini au bazoka ya nikotini, daktari au kemisti amuelekeze kipimo, hasa akiwa na ugonjwa wa moyo au ni mjamzito. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, kwa hivyo si mambo ya kubahatisha. Plasta ikimletea ndoto kali aitoe kabla ya kulala. Na kuna namba ya bure ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, unapiga unaongea na mtu.

Muguka nao niutaje, manake kwetu hauachani na sigara. Mwaka 2024 Mombasa na Kilifi walipotangaza kuupiga marufuku mabishano yalikuwa makubwa, mi nasema ninachokiona nyumbani kwangu tu, kikao cha muguka kinavuta sigara mara mbili ya kawaida na usingizi unakimbia mpaka saa tisa. Ukitaka kujua sigara inafanya nini usiku toa kwanza muguka wa jioni, la sivyo huwezi kutofautisha.

RAMADHANI DALILI ZOTE ZINAPANDA

Hili sikulisoma popote, nliliona kwenye karatasi yangu. Mchana mvutaji amefunga, zaidi ya saa 13 hagusi, alafu kuanzia futari mpaka daku anazilipa zote. Zile sigara zilizokuwa zimetawanyika siku nzima zinabanwa kwenye masaa sita saba ya usiku, na za mwisho ziko karibu kabisa na kulala. Juu yake kuna mahamri, viazi vya karai, daku zito alafu mtu anajilaza hapo hapo. Nikotini inalegeza ule mlango wa juu wa tumbo, tindikali inapanda kooni, anaamka anakohoa mdomo mchungu, anasema kifua, na ni kiungulia. Ukisikia kikohozi cha usiku pamoja na uchungu mdomoni au kuungua katikati ya kifua angalia hapa kwanza, ale mapema, akae saa mbili tatu kabla ya kulala, ainue kichwa cha kitanda kwa matofali mawili, sio mito mingi inayomkunja tumbo.

Lakini upande wa pili wa Ramadhani ndio uliotuokoa sisi. Mtu anayeweza kukaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila sigara ameshamaliza sehemu kubwa ya kazi kila siku bila kujijua. Nlimwambia, wewe husemi huwezi, unaweza na unaonyesha kila siku, kilichobaki ni hizi saa za usiku tu. Alianza kupunguza za baada ya futari, kumi, sita, tatu. Mkesha wa Idd alikuwa na moja.

KIKOHOZI CHA ALFAJIRI

Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu kwenda juu. Moshi unavipooza. Usiku asipovuta vinaanza kuamka na kufagia, kwa hivyo asubuhi balghamu yote imekusanyika, anakohoa mpaka machozi, alafu anawasha sigara na kikohozi kinatulia, anasema unaona, sigara inanifungua kifua. Hapana, imevilaza tena wafagiaji. Akiwa anakohoa na makohozi miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo, hiyo tayari ina jina, ni bronkaitisi sugu.

Lakini kuna cha kutopitwa nacho. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, chochote, mvutaji au si mvutaji, kapime TB, na kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Sigara yenyewe inaongeza hatari ya TB. Watu wanasema jasho la usiku ni la kaskazi, sawa, kila mtu anatoka jasho, lakini la TB linalowesha shuka hata wakati wa kusi na upepo unapita, na anakonda. Akitoa damu asingoje wiki mbili wala siku mbili.

KIFUA KINAPIGA MLUZI, AU HAWEZI KULALA BILA MITO MITATU

Mluzi unaokuja na kwenda, unaomwamsha kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, na tangu utotoni alikuwa nao, fikiria pumu. Mvutaji mwenye pumu ana hasara mbili, moshi unamchokoza na ile pampu ya kuzuia, yenye steroidi, haimfanyii kazi vizuri kama kwa asiyevuta. Akitumia pampu ya bluu, ile ya kutuliza haraka, kila usiku pumu haijadhibitiwa, arudi kliniki.

Aliyepita miaka arobaini, anahema akipanda ngazi mbili za nyumba, na kila mwaka ni zaidi, fikiria COPD, mapafu yaliyoharibika kwa moshi wa miaka. Hata wanawake waliopikia kuni na makumbi maisha yao yote bila kuvuta wanayo hii. Usiku oksijeni yao inashuka hasa kwenye usingizi wa ndoto, na mwenye COPD na apnia pamoja hali inakuwa nzito zaidi ya kila moja peke yake. Apulize kile kipimo cha mapafu, spirometri. Mapafu yaliyokwisha hayarudi lakini akiacha kuvuta yanaacha kukimbilia chini, na hilo sio dogo.

Mito mitatu, kuamka anakaa kitandani kutafuta hewa, miguu imevimba ukiibonyeza shimo linabaki, hapo angalia moyo, na uende leo.

KICHWA KINAUMA ASUBUHI, NA KIFAA CHA KIDOLE KINASEMA OKSIJENI IKO SAWA

Hiki kifaa tangu korona watu wengi wanacho. Kwa mvutaji usikiamini sana. Moshi una kaboni monoksaidi, hewa inayojishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kifaa kikiona damu iliyobeba hiyo kinaihesabu kama imebeba oksijeni. Inachukua saa nne tano kupungua nusu. Kwa hivyo namba 97 kwa aliyevuta usiku sio 97 ya kweli. Shisha ni vile vile na zaidi, maji hayachuji kaboni, na makaa juu yake yanaongeza, kwa hivyo serikali ilipoipiga marufuku 2017 mi nilifurahi.

Kichwa cha asubuhi kinaweza pia kuwa apnia, hewa chafu imebaki mwilini usiku. Lakini ikiwa watu wote chumbani wameamka na kichwa na kizunguzungu, uliza kama kulikuwa na jiko la makaa ndani. Hiyo inaua familia nzima wakiwa usingizini. Wafungulie, watoe nje, hospitali.

MTOTO NDIYE ANAYEKOROMA

Mtoto kukoroma kila usiku si kawaida, msicheke mkasema amerithi. Anaweza kuwa na findo au nyama za nyuma ya pua zimevimba, na moshi wa nyumbani unazivimbisha. Kwa mtoto mchanga ni hatari zaidi, moshi unaongeza vifo vya ghafla vya watoto usingizini, na kulala kitanda kimoja na mzazi anayevuta ni katika mambo yanayoongeza. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma, nyumbani hakuna askari, askari ni wewe. Kuvuta dakani, pale mlangoni pa nyumba, hakutoshi, upepo unaingiza moshi mpaka msana huko ndani, na kanzu inabeba. Atoke kabisa nje, akirudi anawe mikono na uso, abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.

AMEACHA, NA SASA ANALALA VIBAYA ZAIDI

Hapa ndipo wengi wanarudia. Wiki mbili mpaka nne za mwanzo usingizi unakatika, ndoto za ajabu, na kikohozi kinaweza kuzidi kwanza kwa sababu wale wafagiaji wameamka kazini. Hiyo ni mitambo inarudi, kikohozi na kuhema kunapungua kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa. Kaboni yenyewe inatoka kwenye damu ndani ya siku moja tu.

Na kitu kimoja ambacho hakuna aliyetuambia mpaka nesi mmoja mzee aliposema, angalia kahawa. Moshi wa sigara unafanya ini lichome kafeini haraka. Ukiacha sigara ini linapunguza mwendo, kahawa ile ile ya jana inakaa mwilini karibu mara mbili. Mume wangu ni mtu wa kahawa tungu, vikombe vitano sita barazani baada ya Isha, na alipoacha sigara akaongeza na viwili vya kujiliwaza. Wiki nzima hajalala, anaapa atarudia sigara. Tukazipunguza mpaka vikombe viwili, vya alasiri tu, siku ya nne akalala.

Sasa ni miezi kumi na nne. Pumzi za kukatika nazihesabu mara moja kwa mwezi, saa moja kwenye simu, zimepungua sana lakini bado zipo akilala chali, na shingo ni 44, kwa hivyo bado tunaweka pesa za kwenda kupima Nairobi. Leso na mpira viko kwenye msumari karibu na kitanda, kila usiku anageuka mwenyewe ananipa mgongo nimfunge.